Chai Iliyobaki Kwenye Chupa

Wifi yake Fundi alikuja na sketi isiyokuwa na tatizo lolote.

"Nipunguzie hapa kiunoni," alisema, akajikalia kwenye kigoda cha wateja. "Naona inanipwaya."

Fundi aliipokea, akaipitishia futi yake ya kupimia, akaona kiuno cha sketi na kiuno cha mwenyewe ni kitu kimoja. Miaka sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba wifi yake akija na nguo, nguo ni kisingizio. Mzigo wenyewe uko mdomoni.

"Kaka yangu hajambo?"

"Hajambo. Yuko kibandani kwake."

"Mh. Nimepita pale sasa hivi, kafunga. Mteja kasimama mlangoni na saa yake mkononi kama mtu aliyefiwa."

Fundi akaendelea kutafuta chaki iliyokuwa mbele yake. Mumewe alikuwa fundi saa. Mtaa mzima ulimwita Bwana Dakika, kwa sababu akikuambia njoo uchukue saa yako saa nne na robo, ukifika na dakika kumi utamkuta bado ameinama, kile kioo chake cha kukuzia kimembana jichoni, na robo ikigonga anakukabidhi. Mtu wa namna hiyo hafungi kibanda ovyo.

"Labda kaenda kununua betri."

"Labda," wifi akasema. "Basi betri siku hizi zinauzwa maabara. Nimemwona kwa macho yangu mawili, yeye na yule bibie wa koti jeupe, wameinamiana hivi." Akainamisha kichwa mpaka kikagusa kichwa cha cherehani. "Na Jumamosi ile nyingine nilimkuta kapanda juu ya stuli, bibie kamshikia stuli isiyumbe. Nikauliza, kulikoni? Eti saa ya ukutani imesimama. Wifi yangu, saa gani hiyo inayosimama kila Jumamosi?"

Pini ikamchoma Fundi kidole. Akakinyonya.

"Mimi sisemi kitu," wifi akaendelea, maana alikuwa hajamaliza kusema. "Ila mama juzi kauliza. Anasema mke wa kaka yako anasinzia mchana kutwa kama paka wa dukani, mwanaume akirudi ndiye anayebandika sufuria. Hali hii mpaka lini? Nikamwambia, mama, mimi nitajuaje."

"Mwambie mama naumwa."

"Si unameza dawa? Huu mwezi wa nne."

Fundi akaikunja sketi vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. "Iko sawa, wifi. Siku ukipungua, uilete."

Wifi alipoondoka, Fundi alibaki amekaa, mikono ameiweka kwapani. Nje jua lilikuwa linawaka, watu wanajipepea kwa vipande vya boksi, na yeye yuko ndani ya sweta. Ndivyo alivyokuwa tangu tezi yake ya shingo ilipoanza kuzembea. Baridi isiyo na sababu. Mwili mzito, kama amevaa nguo mbichi. Nywele zikibaki kwenye kitana, sauti ikikwaruza, na vile viatu vyake vya harusi vikamkataa kabisa. Daktari alimpima damu, akamwambia tezi imepunguza kazi, akampa vidonge vya kumeza kila siku, na kila baada ya wiki sita au saba arudi wapime tena.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomkata maini ni chai.

Tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao, Bwana Dakika alikuwa akimletea chai ya maziwa kitandani, saa kumi na mbili kamili, kikombe kimefunikwa kisahani isipoe. Alipoanza kuumwa, kidonge nacho kikawa kinakuja juu ya kisahani hicho. Hata siku walizonuniana, chai ilikuja. Ilikuja kimya kimya, lakini ilikuja. Halafu wiki tatu zilizopita ikakatika. Ikaja glasi ya maji na kidonge, na mwanaume akasimama mlangoni akivitazama vidole vya miguu yake. "Chai iko mezani, kwenye chupa," akasema. "Utakunywa baadaye." Akaenda zake kazini.

Chupa hiyo Fundi hakuifungua anywe. Siku zote ishirini na moja. Jioni alikuwa akiimwaga chai yote, anasuuza chupa, anairudisha mahali pake. Chai ya kwenye chupa aliiona ni ya mgeni. Ya mke huletwa.

Na nani sasa anayeletewa? aliuuliza moyo, na moyo wenyewe ukajijibu: yule wa koti jeupe. Yule mwenye shingo ndefu isiyo na tezi mbovu, mwenye kiuno ambacho Fundi, kwa jicho lake la kazi, alikuwa ameshakipima bila futi. Mara tatu bibie huyo alikuwa amemtoa damu, na mara zote tatu hakumuumiza. Hata hilo lilimuudhi.

Chini ya meza ya kukatia kulikuwa na begi. Alilifunga tangu Alhamisi, maana dada yake alikwishamwambia, njoo, chumba kipo. Alilisukuma kwa mguu kuhakikisha bado ni zito. Nikiwakuta leo, alijiambia, silali tena pale.

Akafunga mlango, akaenda.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta, benchi, na dirisha la kioo. Kibao mlangoni kilikuwa kimegeuzwa: Tumefunga. Lakini ndani walikuwemo, na wifi kwa mara moja maishani hakuongeza chumvi. Vichwa viwili juu ya kaunta, kati yao daftari. Fundi alilijua daftari lile lenye jalada jekundu. Ndilo la saa za wateja: kila saa ina ukurasa wake, na kila asubuhi mumewe huandika imechelewa dakika ngapi, imekimbia dakika ngapi, mpaka aujue ugonjwa wake. Sasa Koti Jeupe alikuwa akichora ndani yake kwa kalamu, na Bwana Dakika akasema kitu, akacheka.

Vichwa kukaribiana hakukumuuma kama kicheko kile. Ni kile cha kifuani, cha kurudisha kichwa nyuma. Nyumbani alikuwa hajakisikia tangu lini hata hakumbuki.

Akasukuma mlango bila kubisha.

"Samahani. Nimewakatiza."

Bwana Dakika akasimama, nusura aiangushe stuli. "Mwenzangu. Nilikuwa ndio nakuja..."

"Kaa. Saa imesimama tena?"

Wote watatu wakatazama ukutani. Saa ilikuwa inakwenda, tena kwa sauti.

"Inakwenda vizuri, dada," alisema Koti Jeupe. "Karibu ukae." Na kabla Fundi hajakaa, yule mwanamke alinyoosha mkono akazima feni. Hakuna aliyemwomba. Aliiona tu ile sweta. Fundi aliona kwamba ameonwa, akazidi kukasirika.

"Kibanda umefunga," alimwambia mumewe. "Chai umeikata. Jumamosi tatu uko hapa. Basi niambie tu, nijue. Begi nimeshafunga."

"Begi gani?"

"La nguo."

Bwana Dakika akakaa chini taratibu, kama mtu anayeshusha kitu kinachoweza kuvunjika.

"Niwapishe?" Koti Jeupe akauliza.

"Usipishe. Na wewe nataka usikie."

Mumewe hakujitetea. Hakuwa mtu wa maneno, hata posa yao shangazi yake ndiye aliyeisema yote. Alilisukuma daftari juu ya kaunta mpaka likamgusa mkewe vidole.

Juu ya ukurasa, mahali panapoandikwa aina ya saa, palikuwa pameandikwa: Mwenzangu. Chini yake, kwa zile herufi zake ndogo zilizosimama wima:

Jumatatu. Amelala mara mbili mchana. Mikono baridi.
Jumanne. Amecheka mara moja. Mteja wa suruali.
Jumatano. Hakucheka. Chai hakunywa.
Alhamisi. Chai hakunywa.

Fundi akafunua ukurasa wa pili. Chai hakunywa. Chai hakunywa. Ukurasa wa tatu vilevile, bila kuruka siku.

"Ulijua?" alisema kwa sauti ndogo.

"Kikombe kilikuwa kikavu kila jioni."

"Na hukusema."

"Nilingoja ukasirike. Ukikasirika huwa unaniambia."

"Kwa nini uliiondoa kitandani?"

Bwana Dakika akamtazama Koti Jeupe, na Fundi akauona ule mtazamo, ukamchoma.

"Usinitazame mimi, kaka," Koti Jeupe akasema. "Hilo ni lako."

"Ni maziwa," mumewe akasema hatimaye. "Kidonge kile hakipatani na maziwa. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, halafu mtu angoje hata saa nzima ndipo anywe chai. Mimi sikujua. Nilikuja hapa kurekebisha ile saa ya ukutani, nikamuuliza huyu dada, mbona mke wangu anameza dawa na haponi sawasawa? Akaniuliza, anamezaje? Nikajisifu. Nikasema mimi mwenyewe namletea, kila asubuhi, na chai ya maziwa." Akaminya vidole vyake. "Akanyamaza. Nikajua. Miezi yote nilikuwa nakupa dawa kwa mkono wa kulia na kuizuia kwa mkono wa kushoto. Niliona aibu kukuambia."

Fundi akalirudisha daftari kwenye ukurasa wa kwanza. Lakini wivu ni mgeni mbishi, ukimwonyesha mlango anaomba maji kwanza.

"Na mlikuwa mnacheka nini?"

"Nilisema ungekuwa saa, ningeshakufungua kwa bisibisi."

"Anakuja kujifunza kusoma karatasi za majibu," alisema Koti Jeupe. "Zile zako mbili za nyumbani. Daktari ana watu benchi zima, hawezi kukaa na mtu nusu saa. Mimi nikifunga nina nusu saa." Akafungua droo, akatoa bahasha iliyobandikwa. "Hii ya leo hajaiona. Ni yako, nakukabidhi wewe mwenyewe."

Fundi akaifungua. Mstari wa kwanza aliujua kwa sura: TSH. Ya kwanza kabisa ilikuwa thelathini na nane. Ya pili kumi na mbili. Na kando ya namba ilikuwa imeandikwa isizidi nne. Leo: ishirini na sita. Mbele yake, neno lile lile la siku zote. Juu.

Bwana Dakika akachungulia. Uso ukamshuka. "Imepanda? Lakini maziwa tumeacha."

Koti Jeupe akakunja uso pia. "Ajabu. Daktari alishakupa kidonge chenye nguvu zaidi. Jumatatu akiiona hii atakuongezea tena, hana njia nyingine."

"Aongeze nini?" Fundi akasema, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Iko juu. Tangu mwanzo iko juu. Imeandikwa juu, nyinyi mnaongeza dawa. Mimi nguo ikizidi, napunguza. Sijawahi kuona nguo imezidi fundi akaongeza kitambaa."

Saa ya ukutani ikajisemea yenyewe.

"Dada," Koti Jeupe akauliza polepole, "umepunguza?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda yake. Angeweza kusema hapana. Hapana ilikuwa tayari mdomoni, nyepesi kama uzi. Kusema ndiyo ni kuonekana mjinga mbele ya mwanamke yule kuliko wanawake wote duniani, mbele ya kiuno kile na shingo ile. Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya daftari, na chini ya kidole chake cha shahada palikuwa na maneno: Amecheka mara moja.

"Nakata nusu," alisema. "Kwa mkasi wangu wa vitambaa. Tangu daktari alipokibadilisha."

Bwana Dakika akafumba macho.

"Mbona hukuniuliza?" Koti Jeupe akasema. "Ulikaa hapo hapo nikikutoa damu."

"Wewe?"

Lilikuwa neno moja tu, lakini mambo yote yalikuwa humo, zile Jumamosi na stuli na chai. Koti Jeupe aliyasikia. Akatazama chini, akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangika. Bwana Dakika naye akayasikia, akafungua macho, akamtazama mkewe kama anavyotazama saa anapogundua kumbe tatizo lilikuwa chembe moja ya vumbi.

"Mwenzangu," akasema. Basi, hilo tu.

Koti Jeupe ndiye aliyeokoa mambo. "Cherehani yako ni ya mguu?"

"Ya mguu."

"Ikiwa nzito, imekauka mafuta, mguu unafanyaje?"

"Unakanyaga zaidi. Mpaka goti linauma."

"Na sindano?"

"Sindano inakwenda polepole vilevile."

"Haya." Akaigeuza karatasi, akaweka kidole kwenye TSH. "Hapa hatujapima sindano. Huu ni mguu. Kichwa chako kinaikanyaga tezi, fanya kazi, fanya kazi. Tezi ikizembea, kichwa kinazidi kukanyaga, namba inapanda. Sindano ni hii ya chini, T4, yaani kazi ya tezi yenyewe. Soma."

"Chini," Fundi akasoma.

"Chini. Dawa ikitosha, sindano inakwenda, mguu unapumzika, na namba ya juu inashuka yenyewe."

Fundi aliitazama karatasi muda mrefu. Miaka kumi na minane alikuwa ameikanyaga cherehani, na hakuna aliyewahi kumweleza ugonjwa wake kwa lugha ya mguu wake mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi," alisema, "mguu ulikuwa unakanyaga, nami nikaenda kumwaga mafuta."

"Nusu yake," Koti Jeupe akasema, na wote wawili bila kupanga wakatabasamu. "Kesho meza kama daktari alivyoandika. Jumatatu umwambie yote, kabla hajaongeza. Angeongeza kwa kudhani unameza kizima, halafu siku umemeza kizima kweli, moyo ungekwenda mbio. Na usijipangie tena, dada. Niulize. Hata ukiwa umeninunia, niulize."

Fundi akakunja karatasi. Mlangoni akasimama, akageuka. "Asante kwa feni," alisema, bila kumtazama sana.

Kwenye kibanda cha kushonea Bwana Dakika aliinama akalivuta begi chini ya meza, likamshinda mara ya kwanza.

"Umeweka nini humu?"

"Nguo."

Akafungua zipu. "Na pasi?"

"Pasi ni yangu."

"Ulikuwa unaniacha na unaondoka na pasi?"

"Ungepigiwa na mwenye koti jeupe. Lile koti linaonekana linapigwa pasi vizuri sana."

Bwana Dakika aliitoa pasi, akairudisha mahali pake. Kisha akaomba zile nusu za vidonge. Fundi akamshushia kopo la vifungo, na mumewe akavaa kioo chake jichoni, akazitenga na vifungo moja moja juu ya kitambaa cheusi. Zilikuwa arobaini na sita. Alizifunga kwenye karatasi ili daktari azione, na hakumlaumu kwa hata moja.

Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, glasi ya maji ikaja, imefunikwa kisahani, na juu ya kisahani kidonge kizima. Fundi akameza. Akangoja asikie hatua zikielekea mlangoni. Hazikwenda. Kitanda kikalalia upande mmoja; mumewe alikuwa ameketi, na saa ndogo ya mezani ameiweka juu ya goti.

"Huendi kazini?"

"Nangoja saa moja iishe."

"Saa nzima?"

"Dakika hamsini na nane sasa."

Basi wakangoja. Fundi akamweleza habari ya sketi isiyopwaya, na ya paka wa dukani. Bwana Dakika akasema mama yake atamwendea mwenyewe leo, na karatasi ya majibu mkononi, amfundishe habari ya mguu na sindano. Miguu yake Fundi ilikuwa baridi, akaiingiza chini ya paja la mumewe, naye akaruka kidogo lakini hakuisogeza.

Saa moja ilipotimia alikwenda mezani, akafungua chupa, akamimina, akafunika kikombe na kukileta. Kutoka mezani mpaka kitandani ni hatua nne. Fundi alizihesabu. Akanywa yote mpaka tone la mwisho.

"Sasa andika," alisema.

Bwana Dakika akaketi tena, saa gotini, akalitoa daftari, akaandika: Jumapili. Chai amekunywa. Fundi akalichukua, akaligeuza. Nyuma ya jalada palikuwa na namba ya simu, kwa mwandiko wa duara.

"Hii ya nani?"

"Ya maabara."

"Mwandiko wa nani?"

"Wake."

Fundi akanyoosha mkono, akachukua kando ya kitanda mkasi wake wa vitambaa, ule ule wa vidonge. Akakikata kipande kile cha jalada, polepole, kwa ulaini, kama anakata pindo. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, akaiandika namba ile upya kwenye ukurasa wake, chini ya lile neno Mwenzangu, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja.

"Haya," akasema. "Ukitaka kuuliza, piga."

Bwana Dakika akarudisha kichwa nyuma, akacheka kile kicheko cha kifuani, mpaka saa ikateleza gotini. Fundi akaidaka. Halafu akamnyang'anya kalamu, akafunua ukurasa wa leo, na chini ya habari ya chai, kwa herufi zake kubwa zilizolala upande, akaongeza:

Na yeye amecheka. Nyumbani.